Siku Niliyoulizwa Mtoto ni wa Nani

Nimeapishwa mara moja tu maishani mwangu, na niliapa mbele ya televisheni. Ilikuwa hapa hapa Stockholm, mwezi wa kumi na moja, katika ofisi ya mawakili karibu na Mariatorget yenye zulia jeupe ambalo viatu vyangu vya theluji vililiharibu kabla sijafungua mdomo. Upande wa pili wa televisheni ilikuwa Marekani, asubuhi. Nilimwona jaji mwanamke mwenye nywele nyeupe, na nyuma yake ndege wa shaba amebandikwa ukutani, ametanua mabawa. Na pembeni, kwenye meza ya washtakiwa, alikaa mtoto wa mdogo wangu, amevaa tai niliyompa mimi siku ya kipaimara. Alishtakiwa kwa kuidanganya serikali. Mimi ndiye shahidi wake, na uongo wenyewe, kama ni uongo, niliuanzisha mimi.

Ngoja nirudi nyuma, maana nikianzia hapo nitawapoteza.

Mdogo wangu alizaa wavulana wawili, akafariki wakiwa bado wanasoma. Tangu hapo mimi ndiye mama yao, ingawa nilikuwa nimeshahamia huku kumfuata mume wangu aliyekuja kusomea mambo ya umeme. Mume alisoma, mimi niliosha vyombo. Nimeosha vyombo vya shule miaka mingi kiasi kwamba mpaka leo nikialikwa kwa watu natazama kwanza sahani imesuuzwaje. Shule yangu mwenyewe iliishia darasa la tatu, kule Same, kwa hiyo haya ninayoyaandika binti yangu ananisaidia kupanga. Yeye alizaliwa hapa. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, na tumezoea hivyo kama redio mbili zinazoelewana.

Basi, yule kijana mkubwa alifariki. Aliacha mtoto wa kike wa miaka minne, ambaye mama yake alikuwa ametangulia. Mdogo mtu alikuwa tayari Marekani akiendesha malori. Tulikutana wote nyumbani msibani, yeye akitokea huko, mimi nikitokea huku, tumevimba macho wote wawili, yeye kwa kulia na mimi kwa ndege, maana silali kwenye ndege.

Nyumbani kwetu matanga hayavunjwi mpaka mtoto apate baba. Sijui kwa wengine, nasema kwetu. Siku ya mwisho, kabla watu hawajakunja mikeka, ndugu wa marehemu anakalishwa katikati, mtoto anapakatwa mapajani kwake, na mwanamke mkubwa kuliko wote anawafunika kwa kanga moja, vichwa na vyote. Watu wananyamaza. Wanakaa humo mpaka mtoto mwenyewe atake kutoka. Akitoka, ametoka na baba. Na kuanzia hapo hakuna mtu anayeruhusiwa kusema "mtoto wa marehemu." Ukisema hivyo hadharani watu wanasimama na kukuacha peke yako mkekani, kwa sababu umemzika yule bwana mara ya pili na huyu aliye hai umemnyang'anya.

Mwanamke mkubwa kuliko wote siku ile nilikuwa mimi. Niliwafunika. Mtoto alikuwa na mafua, alikaa humo muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na alipotoka shati la baba yake lilikuwa limejaa kamasi. Tulicheka, msibani.

Baba akarudi kwenye malori, mtoto akabaki kwa shangazi mmoja wa ukoo. Ilipita miaka mitano ndipo baba akapata kibali cha kuishi Marekani na ruhusa ya kuomba mtoto aletwe. Akanipigia simu. Nakumbuka nilikuwa kazini, Norsborg, watoto wa shule wametoka kula pyttipanna, viazi na nyama vimegandia kwenye trei, na nimeshika ule mpira wa maji ya moto. Akaniambia fomu ina viboksi vitatu. Cha kwanza, mtoto wa kumzaa. Cha pili, mtoto wa kuasili kwa hati ya mahakama. Cha tatu, mtoto wa mke au mume. Aweke alama wapi?

Nikamuuliza, hati ya mahakama unayo? Hana. Nani angeenda mahakamani wakati watu wote walimwona. Nikamwambia aweke cha kwanza. Akasita. Akasema, mama mkubwa, hiki wanasema wa kumzaa. Nikamfokea, na maji yanachuruzika kwenye viatu vyangu.

"Kwani chini ya kanga ulikuwa unafanya nini?"

Akaweka alama. Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo, kikaandikishwa baadaye, na walipouliza nyumbani baba ni nani, ukoo mzima ulisema ni yeye, bila mtu kumkonyeza mwenzake. Mtoto akaenda Marekani akiwa na miaka tisa. Amekulia huko, sasa anasomea uuguzi na ananishinda urefu.

Halafu baba akaomba uraia. Afisa akamwuliza ana kwa ana, huyu ni mtoto wako wa kumzaa? Akajibu ndiyo. Wakataka wapime damu. Damu ikasema ni ndugu wa karibu, si baba.

Mimi nilidhani mahakama za Marekani ni moja tu, ile ya kwenye sinema, ya wauaji. Kumbe zipo za jimbo na zipo za shirikisho. Ukiiba kuku wa jirani unaenda ya jimbo. Ukiandika neno lisilo la kweli kwenye fomu ya serikali kuu, unaenda ya shirikisho. Jimbo analoishi kijana wetu, lililoko kaskazini na lenye barafu kama huku, lote lina mahakama moja ya aina hiyo. Kesi zinaanzia hapo, mashahidi wanasikilizwa hapo, na wanaoamua ni raia kumi na wawili wanaookotwa kutoka kila kona ya jimbo, fundi bomba, mwalimu, mkulima, na lazima wote wakubaliane. Haya yote alinieleza wakili wake kwa simu, binti yangu akitafsiri. Alisema kinachotafutwa si kama jibu lilikuwa sahihi. Sahihi halikuwa. Kinachotafutwa ni kama alikusudia kudanganya. Ikionekana alikusudia, atafungwa, na akitoka atarudishwa nyumbani, na karatasi za binti yake nazo zitavutwa uzi mpaka zifumuke.

Na kwa sababu mimi nilikuwa shahidi, jaji alimkataza kuzungumza na mimi. Miezi minane. Sisi tulikuwa tunapigiana kila Jumapili baada ya ibada, yeye akiniambia ameendesha mpaka wapi. Jumapili zikaja tupu. Niliweka simu juu ya meza hivyo hivyo, karibu na sukari, kama vile nayo itasahau amri ya jaji.

Siku yenyewe tulipanda treni Bredäng, mimi na binti yangu. Alikuwa ameomba ruhusa kazini. Treni ikafika Aspudden. Hapo akaniinamia, akaniambia, kwa Kiswidi na polepole ili nielewe yote, kwamba wakiniuliza ile simu ya viboksi niseme sikumbuki. Wakili alishanieleza kwamba habari za simu ile zinaweza kuniumiza na mimi, na kwamba nina haki ya kukataa kujibu. Lakini binti yangu hakutaka nikatae, maana anayekataa anaonekana ana kitu. Alitaka nisahau. Akasema mzee wa umri wako nani atamlaumu kwa kusahau, si unasahau hata kuzima taa ya choo.

Nikamwambia taa ya choo naiacha makusudi. Hakucheka.

Sitaficha, nililipenda lile wazo. Kuanzia Aspudden mpaka Mariatorget nililifanyia mazoezi moyoni. Sikumbuki. Ni neno dogo. Nikawa naona jinsi nitakavyolisema, na jinsi nitakavyorudi nyumbani nipike maharage.

Ofisini alitupokea Mswidi kijana mwenye soksi za rangi mbili, akatupa kahawa. Binti yangu akaambiwa asubiri nje, shahidi akae peke yake ili asipewe majibu. Mlango ukafungwa. Saa tisa alasiri, kwao saa tatu asubuhi. Dirishani giza lilikuwa linaingia, na kwenye televisheni jua lilikuwa linampiga yule ndege wa shaba.

Wakamwapisha kwanza mkalimani, mama wa Kikenya kwa lafudhi yake, kisha mimi. Nikainua mkono. Kijana wangu hakunitazama. Nadhani alikatazwa, au aliogopa. Nyuma yake, kwenye mabenchi ya watu, nikamwona binti yake amevaa sweta ya njano, mdogo kwenye kile kioo kama ukucha wangu.

Wakili wetu aliniuliza habari za msiba. Nikaeleza mkeka, kanga, kimya, kamasi. Mkalimani alipofika kwenye kamasi nilisikia kama mtu amecheka, huenda mmoja wa wale kumi na wawili, siwezi kuapa, nami nilikuwa nimeapa. Lakini kuna jambo nilikuwa nimemwambia wakili mapema. Nitaeleza kanga yote, ila sitatamka mtoto alikuwa wa nani kabla. Alikubali. Alisema vipimo vya damu vimeshasema, si lazima mimi nirudie.

Mwendesha mashtaka ndiye hakukubali. Alikuwa kijana mpole, mrefu, ana sauti ya mtu anayekusaidia kubeba mizigo. Akaniuliza nimeishi Sweden muda gani. Akaniuliza huku Sweden nimewahi kujaza fomu. Nyingi, nikasema. Je, najua fomu lazima ijazwe ukweli? Najua. Kisha akaweka karatasi zake mezani.

"Baba wa binti huyu ni nani?"

Nikasema, ni huyo aliyekaa hapo.

Akasema hapana, aliyemzaa. Nikavuta glasi yangu ya maji, nikanywa. Akarudia. Wakili wetu akasimama kupinga, na hapo ikatokea sauti kubwa kwenye televisheni, shhhh, kama mvua ya mawe juu ya bati. Nilidhani mtambo umekatika. Baadaye nilielezwa kwamba ni kawaida yao, mawakili wakienda kunong'ona na jaji, wanafungulia sauti ile ili wale kumi na wawili wasisikie. Mimi nilijua tu kwamba watu wanasogeza midomo na kijana wangu ameinamisha kichwa, na mvua inanyesha bila maji.

Nilipata muda wa kufikiri, na sikuupenda. Niliona yule kijana mpole anakotaka kunipeleka. Nikisema aliyemzaa ni huyu, nimedanganya huku mkono wangu haujapoa na kiapo. Nikinyamaza, atawageukia wale kumi na wawili awaambie, mnaona, ukoo huu mpaka leo wanaficha, na hiyo kanga ni hadithi ya kupangwa. Nikisema kweli, nafunua nilichofunika kwa mikono yangu, na aliyefunikwa amekaa pale kwenye benchi na sweta yake ya njano, ananisikiliza. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kulitamka neno lile mbele yake. Vipimo vya damu alivijua, hakuwa mjinga. Lakini karatasi ya hospitali si bibi yako.

Mvua ikakatika. Jaji akasema kitu, na mkalimani akakigeuza kwa upole.

"Mama, korti inakuamuru ujibu swali."

Nilishika ukingo wa meza. Nikasema, "Alizaliwa na kaka yake huyu. Marehemu."

Sikumtazama binti. Nilitazama glasi yangu ya maji. Nikaendelea kusema, ingawa wakili alinifundisha nijibu kifupi na nisiongeze, na kuongeza ndio ugonjwa wangu, kama mnavyoona. Nikasema, hilo neno nimelisema leo mara ya kwanza, na kwetu anayelisema anaachwa mkekani peke yake.

Yule kijana akasema, kwa hiyo mshtakiwa alijua kuwa hakumzaa. Nikasema alijua hakumzaa, na alijua ni wake. Akauliza nani alimshauri aweke alama kwenye kiboksi cha kwanza.

Lile neno dogo lilikuwa tayari mdomoni, limelainika toka Aspudden. Sikumbuki. Nikamwona mtoto wa mdogo wangu ameinua uso kwa mara ya kwanza. Macho ya mama yake.

"Ni mimi," nikasema. "Alisita, nikamfokea, akaweka."

Nikaona wakili wetu anafumba macho. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kijana mpole alisogea mbele kidogo. "Alisita?" akauliza. Nikajibu ndiyo, alisita. Akauliza kwa nini, kama hakuona ubaya wowote. Nikasema mtu anayesoma karatasi ngeni husita, mimi nasita hata kwenye mashine ya tiketi. Akanishukuru, akakaa, na ile shukrani ilinichoma kuliko maswali yote, kwa sababu ilikuwa ya kweli. Nilikuwa nimempa alichokuwa anatafuta. Mtu anayesita anajua.

Wakazima. Nikajiona mwenyewe kwenye kioo cheusi, nimevaa kilemba cha kanisani.

Nje binti yangu aliniuliza tu kama nimesema. Nikasema nimesema. Akanifunga vifungo vya koti kama mtoto, hakunilaumu, na hilo nalo nililiona baya. Njia nzima nilikuwa nahesabu stesheni tulizopita wakati wa kuja na jinsi lile neno dogo lilivyokuwa rahisi. Nimemtoa kijana wa watu kwenye lori lake nikamtia ndani kwa sababu ya kutaka kueleza kila kitu. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikiulizwa saa ngapi naanza na saa ilinunuliwa wapi.

Wale kumi na wawili walikaa chumbani mwao siku mbili. Siku ya kwanza sikula. Siku ya pili nilisafisha kabati zote za jikoni, nikatoa kila sahani nikaiosha, na zilikuwa safi. Mjomba mmoja wa Same, aliyekwisha kusikia, alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, dakika tatu, ananiuliza ni mwanamke gani anayefunika mchana na kufunua mchana. Niliusikiliza wote. Kisha nikarudi kwenye sahani.

Jioni ya siku ya pili simu ililia ikiwa pale pale karibu na sukari. Alikuwa yeye mwenyewe. Kwa hiyo kabla hajasema nikajua, kwa sababu kama amri ya jaji imekwisha, kesi imekwisha, na mtu aliyefungwa hapigi simu huku gari linanguruma nyuma yake. Akaniambia hawakumwona na hatia. Wote kumi na wawili. Hakujua kwa nini. Hawasemi kwa nini, wanasema neno moja na kwenda zao nyumbani. Wakili alimwambia suala la karatasi bado liko kwa maofisa wa uhamiaji, litachukua muda, lakini jela hakuna.

Nikamwomba radhi kwa lile neno la kusita. Akasema nisijali, kweli alisita.

"Ila umefunua, mama mkubwa."

"Nimefunua."

Akasema binti anataka kusema na mimi. Nikasikia simu inabadilishwa mikono, mlango wa gari, pumzi. Nilidhani atalia au atanishukuru, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Kiswahili chake kimechakaa, anakitembeza taratibu kama mtu mwenye viatu vipya.

"Bibi," akasema, "alikuwa mrefu?"

"Nani?"

"Yule. Wa kwanza."

Miaka kumi na mitano mtoto huyu hakuwa na mtu wa kumwuliza. Sisi sote tulimpa baba, na kwa kumpa tukamfungia mlango wa yule mwingine, tukadhani ndiyo heshima. Nikamuuliza baba yake yupo hapo anasikia? Akasema yupo, ndiye aliyemwambia aniulize mimi, kwa sababu yeye alizaliwa nyuma na mimi nilimjua yule tangu utotoni.

Nikamwambia alikuwa mfupi kuliko mdogo wake na jambo hilo lilimkera mpaka anakufa. Alikuwa anapiga mluzi akiwa anafunga viatu, kiatu cha kushoto kwanza, daima. Nikamwambia asubiri kidogo nikazime jiko, maana maharage yalikuwa yanaungua, na bado sijafika hata kwenye jina la utani alilokuwa akimwita binti huyu alipokuwa mchanga.